Tofali Halishuki Bei kwa Sababu Mko Wengi

(Hotuba iliyotolewa na mkadiriaji majenzi mbele ya wanachama wa chama cha kuweka na kukopa, Sinza, Dar es Salaam. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama, wanachama, mama zangu na baba zangu mliokaa huko nyuma karibu na feni: salaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, na habari za mchana.

Barua ya mwaliko iliniomba nije kuzungumzia faida za makazi ya pamoja. Nimemwomba mwenyekiti ruhusa nibadilishe kidogo. Mimi ni mkadiriaji majenzi, na kazi ya mkadiriaji ni kumwambia mtu bei kabla hajaipenda nyumba. Kwa hiyo nitazungumzia bei. Nikimaliza mkabaki na hamu, vizuri. Hamu ikiwaisha, basi mtakuwa mmeokoa viingilio vyenu.

Swali ninaloulizwa kila mahali ni moja: tukijenga kwa pamoja, itatugharimu kidogo kuliko kila mtu kujenga kwake? Jibu la haraka ni kwamba tofali halishuki bei kwa sababu mko wengi. Mkinunua saruji lori zima mtapunguziwa kidogo kwa mfuko, sikatai, lakini punguzo hilo halimalizi hata choo. Fundi naye hashushi ujira kwa sababu mnapendana. Akiba ipo, tena kubwa, ila imejificha sehemu ambazo watu hawaziangalii, na ni rahisi sana kuipoteza kabla hata msingi haujachimbwa.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii ghorofa ambalo watu wanajifungia na kukutana kwenye ngazi tu. Ninazungumzia mtindo ambao kila familia ina nyumba yake kamili, ina jiko lake na mlango wake wa kufunga, halafu kuna jengo moja la wote lenye jiko kubwa, ukumbi wa kulia, chumba cha watoto, pengine vyumba viwili vya wageni. Wanaokaa ndio waliopanga, ndio waliochora na mbunifu, ndio wanaoendesha.

Wanaosifika kwa kuanzisha mtindo huu kwa sura yake ya kisasa ni Wadenmark. Mbunifu majengo mmoja, Jan Gudmand-Høyer, alianza kuuzungumza na wenzake mwaka 1964, wakapata kiwanja, majirani wakapinga, mradi ukafa. Mwaka 1967 mwandishi Bodil Graae akaandika gazetini kwamba watoto wanapaswa kuwa na wazazi mia moja. Waliosoma wakatafutana, na mwaka 1972 familia 27 zikahamia mahali panaitwa Sættedammen. Marekani wakachukua mtindo huo, na mwaka 1991 nyumba 26 za Muir Commons zikakamilika katika mji wa Davis, California. Siku hizi uko nchi nyingi.

Mtu wa Magomeni akisikia hayo anacheka. Anasema, mbona hiyo ni uani? Kapata, na kakosa. Nyumba ya Kiswahili, ile yenye koridoo katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani nyuma wenye jiko, bafu na choo, imewalea wengi wetu humu. Mimi pia. Na kwa sababu imenilea sitaipamba. Choo kimoja kwa watu ishirini. Ugomvi wa LUKU kila mwezi: nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Zamu ya kufagia ambayo kuna mtu haijawahi kumfikia. Ila hesabu yake ya fedha inafundisha jambo ambalo sijaliona likisemwa. Nyumba ile ni ya gharama ndogo sana kujenga ukigawa kwa idadi ya watu waliomo: ukuta mmoja unatumika pande mbili, paa ni moja, shimo ni moja, kiwanja ni kimoja. Kubanana kule kulizalisha akiba kubwa. Iliingia mfukoni mwa nani? Mwenye nyumba. Wapangaji walibanana, yeye akakusanya kodi sita. Makazi ya pamoja ninayoyazungumzia ni kubanana kwa hiari, tena kwa kiasi, ila akiba ibaki kwa waliobanana. Wale wanaoniambia "sisi Waswahili tulikuwa nayo zamani" nawajibu kwamba tulikuwa na nusu yake, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokuwa tamu.

Sasa upande wa pili, nyumba ya kawaida. Hapa ndipo watu wanajidanganya. Mtu ananiambia amejenga kwa milioni 40. Nikikaa naye na daftari, naona amehesabu tofali, nondo, bati na ufundi. Hajahesabu kiwanja, kwa sababu alikinunua zamani na uchungu umeshaisha. Hajahesabu udalali, wala zile za kupita serikali ya mtaa. Hajahesabu saruji iliyoganda stoo, nondo zilizoondoka usiku, wala mlinzi wa saiti aliyekaa miaka mitatu kwenye boma na familia yake. Nauli za Jumamosi kwenda kumsimamia fundi haziingii. Na kodi ya pango aliyolipa muda wote ambao nyumba imesimama kwenye lenta haiingii kabisa, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote hizo. Ukilipa laki moja na nusu kwa mwezi kwa miaka minane, umetoa milioni 14 na laki nne. Ni fedha za kupaua na kupiga lipu, zimeenda kwa mwenye nyumba, nusu mwaka nusu mwaka.

Halafu mtu huyohuyo anaiona bei ya mradi wa pamoja, iliyoandikwa yote mpaka kitasa cha mlango, anasema ni ghali. Analinganisha risiti na kumbukumbu.

Twende kwenye namba. Ni za mfano, nimezipanga mwenyewe ili tuone njia ya hesabu. Kiwanja cha Kivule hakina bei ya Goba, kwa hiyo kila mtu aweke zake. Chukueni familia 12. Kila moja ikijitegemea, inanunua kiwanja cha mita 20 kwa 20, yaani mita za mraba 400, kwa milioni 15. Inajenga nyumba ya mita za mraba 100. Tukiweka laki sita kwa kila mita ya mraba, ni milioni 60. Uzio wa kuzunguka ni mita 80. Tuseme laki moja na elfu kumi kwa mita, ni milioni 8 na laki nane. Karo na shimo la maji taka, milioni 3 na nusu. Tenki, mnara wake na kuvuta maji, milioni 2 na laki saba. Ramani na kibali, milioni moja. Jumla ni milioni 91 kwa familia.

Kaeni hapo kwenye uzio kidogo, maana ndio unaonifurahisha. Familia 12, kila moja na mita zake 80, ni mita 960 za ukuta. Hata mkikubaliana ukuta wa kati utumiwe na majirani wawili, viwanja vikiwa safu mbili za sita sita zilizopeana migongo, bado mnajenga mita 640. Na mnajua wenyewe kwamba Dar majirani hawakubaliani; utakuta kuta mbili zimesimama, katikati yake upenyo wa paka. Sasa familia hizohizo zikikaa kwenye eneo moja la mita 40 kwa 60, ukuta wote ni mita 200. Jiji hili limezika utajiri mwingi kwenye kuta za kutenganisha watu wanaosalimiana kila asubuhi.

Eneo hilo la 40 kwa 60 ni mita za mraba 2,400, nusu ya viwanja 12 vya peke yake. Kwa bei ileile ya mita, kila familia inachangia milioni 7 na nusu za ardhi badala ya 15. Uzio unashuka hadi milioni 1 na laki nane kwa familia. Mfumo mmoja wa maji taka uliojengwa vizuri, tuseme milioni 18, ni milioni moja na nusu kila mmoja. Maji, milioni 1 na laki mbili. Nyumba ya familia inakuwa mita za mraba 75 badala ya 100, kwa milioni 45. Jengo la pamoja la mita 120 ni milioni 72, kwa hiyo milioni 6 kila familia. Mbunifu, mhandisi na watu wa taaluma yangu tunakula asilimia 8 ya ujenzi, kama milioni 4 na laki moja kwa familia, na mwanasheria na usajili laki tano. Jumla milioni 67 na laki sita.

Naona nyuso zimechangamka. Milioni 23 zimepungua! Mwenyekiti anataka kupiga makofi. Subirini.

Nirudie hesabu hiyohiyo, ila safari hii wanachama wamekutana na kila mmoja kasema jambo lake. Mmoja kasema mita 75 ni kama kota, yeye anataka 100. Wote wakaafiki. Mwingine kasema tusibanane, tununue mita 400 kwa kila familia, watoto wapate pa kuchezea. Wakaafiki pia. Jengo la pamoja bado wanalitaka. Basi ardhi inarudi milioni 15, nyumba inarudi 60, ada ya wataalamu inapanda kwa kuwa ujenzi umepanda. Jumla inafika milioni 91 na laki tatu, na bado sijaurefusha uzio ili uzunguke eneo lililoongezeka. Ni zaidi ya yule aliyejenga peke yake Kivule bila kikao hata kimoja.

Hili si jambo la kwetu tu. Huko Marekani na Ulaya nyumba nyingi za mtindo huu zimeuzwa kwa bei sawa na nyumba mpya za jirani, na mara nyingine juu yake, na sababu ni hiyohiyo: watu wameongeza jengo la pamoja bila kupunguza nyumba zao. Jengo la pamoja linajilipa pale tu linapochukua kitu kutoka ndani ya nyumba yako. Chumba cha wageni ambacho shangazi analala wiki mbili kwa mwaka kihamie kule. Sebule ya kuchukua watu arobaini siku ya hitima au kipaimara ihamie kule. Stoo ya viti vya plastiki, masufuria makubwa, ngazi, toroli, mashine ya kufulia, vyote kule. Kama hamko tayari kuvitoa, msilijenge. Jengeni kibanda cha makuti na mabenchi, wekeni bomba la maji, mtakutana hapohapo na mtaokoa milioni nyingi. Mimi binafsi nimechoka kuona kumbi za vigae vya kung'aa ambazo zinafunguliwa kwa mikutano ya kulalamikia gharama ya ukumbi.

Akiba ya kila mwezi naipitia upesi kwa sababu mnaijua vizuri kuliko mimi. Mlinzi wa laki mbili na elfu arobaini ni elfu ishirini kwa familia. Kisima, intaneti, fundi wa kupita kila mwezi, vinagawanywa vilevile. Gunia la mchele kutoka Mbeya mnajua linavyotofautiana na kilo za dukani. Mkiamua kula pamoja jioni mbili kwa wiki, familia 12, zamu yako ya kupika inakufikia mara moja kila wiki sita. Na jioni nyingine zote za pamoja unakuja na sahani yako. Mama anayetoka kazini Posta saa kumi na moja na kufika nyumbani saa mbili usiku anaelewa thamani ya hilo bila kikokotoo. Malezi ya watoto ndiyo nzito zaidi. Watoto kumi wadogo kwenye eneo moja wanaweza kuangaliwa na dada wawili wanaolipwa vizuri, badala ya dada kumi wanaolipwa vibaya na kubadilishwa kila baada ya sikukuu.

Kitu kimoja tu msishirikiane: umeme. Kila nyumba iwe na LUKU yake. Mtanishukuru.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwa Dar es Salaam ndilo gumu kuliko bei yenyewe, nalo ni fedha inaingia vipi. Nyumba ya kawaida ya mjini kwetu ina sifa moja ambayo hakuna benki imewahi kuishinda: inajengwa kwa mwendo wa mfuko wa mjengaji. Upatu ukikufikia, unanunua tofali. Ukipata malimbikizo, unapandisha boma. Mtoto akienda kidato cha tano, unasimama. Hakuna anayekudai. Mradi wa pamoja unaojengwa na mkandarasi kwa mara moja hauna subira hiyo. Hati ya malipo ikitoka, mnalipa. Kama mnategemea mkopo wa nyumba wa benki, fanyeni hesabu kwa macho makavu. Milioni 50 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15, ni kama laki saba kila mwezi, na mwisho mmelipa kama milioni 126. Ukiokoa milioni 23 kwa kujenga pamoja kisha ukailipa benki milioni 76 za riba, sijui tuiite akiba ya nani.

Kwa hiyo ninachowashauri ni kuyakata malipo kama tunavyoukata ujenzi wetu. Pamoja jengeni yale yanayohitaji kuwa pamoja: ardhi, barabara ya ndani, maji, maji taka, misingi, kuta na paa. Ndani kila familia imalizie kwa mwendo wake, mradi imehamia. Sakafu ya saruji tu haijamuua mtu. Kitakachookoa fedha hapo ni kodi inayokoma kulipwa mapema, ile milioni 14 na laki nne niliyoitaja.

Mfano wa karibu upo hapahapa. Upanuzi wa bandari ulipowaondoa watu Kurasini, wapangaji walikuwa kwenye hali mbaya kuliko wote, kwa sababu mpangaji hana nyumba ya kufidiwa. Kundi lao, kupitia shirikisho la watu maskini wa mijini na kwa msaada wa Centre for Community Initiatives, wakaweka akiba kidogo kidogo na kununua ekari 30 kule Chamazi. Wakaanza na nyumba ndogo inayoweza kuongezwa baadaye. Hayakuwa makazi ya mtindo wa Denmark na hawakudai hivyo. Lakini walinunua ardhi kwa ekari wakati sisi wengine tunanunua kwa hatua za miguu, na mtu anayenunua ekari analipa bei ya jumla. Nikiambiwa nichague sababu moja tu ya kujiunga, ningechagua hiyo.

Chamazi inatufundisha na upande wa pili. Ardhi ya bei nafuu iko mbali. Watu wawili wakienda mjini kwa nauli ya elfu tatu kila mmoja kwa siku, siku 24, ni laki moja na elfu arobaini na nne kwa mwezi. Hiyo ni kodi ya chumba na sebule, mnailipa ndani ya daladala. Kwa hiyo mtu asiwaletee ekari za Mkuranga bila kuwaletea hesabu ya nauli. Wakati mwingine eneo dogo la ghali karibu na njia ya mwendokasi, mkajenga ghorofa moja juu, linazishinda ekari kumi za mbali. Ghorofa inaongeza gharama ya zege na nondo kwa kila mita, lakini nauli hailipwi mara moja ikaisha.

Kuna mtu ameniuliza mlangoni: sisi vipato havilingani, mmoja mwalimu, mwingine ana maduka mawili Kariakoo, tutachangiaje? Nimpe mifano miwili. Leeds, Uingereza, kuna makazi yanaitwa LILAC, nyumba 20, watu walihamia 2013. Nyumba ni mali ya chama. Kila kaya inalipa asilimia 35 ya kipato chake baada ya makato, na malipo hayo yanageuka hisa. Anayelipa zaidi anajenga hisa nyingi zaidi, na anayeondoka anaondoka na thamani ya hisa zake, hauzi nyumba. Uruguay wana njia nyingine. Kuna sheria ya mwaka 1968 inayotambua vyama vya ushirika wa nyumba, na vyama vya kusaidiana kazi viliunda shirikisho lao, FUCVAM, mwaka 1970. Huko familia inatoa saa 21 za kazi kwa wiki kwenye ujenzi, serikali inakopesha fedha za vifaa, na nyumba zinabaki za chama huku mwanachama akiwa na haki ya kuishi na kurithisha. Mwenye fedha kidogo anatoa jasho, na jasho linaandikwa kwenye daftari. Hilo la kuandika ndilo muhimu. Kwetu msaragambo tunaujua, ila hatuandiki, kisha baada ya miaka mitano kila mtu anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyebeba mchanga.

Na hapa naingia kwenye karatasi, nikiwaomba radhi wanaopenda sehemu za nyumba zenye rangi.

Niliwahi kukadiria mradi wa kikundi kimoja, sitakitaja. Walinunua eneo zuri, na kwa kuharakisha wakaandika jina la mwenyekiti wao, mtu mwaminifu kweli. Akafariki. Watoto wake hawakuwa wabaya, lakini karatasi ilisema ardhi ni ya baba, na mirathi inafuata karatasi. Walipokuja kumalizana, fedha za mawakili zilitosha misingi ya nyumba nne. Ugomvi ni gharama ya ujenzi kama nondo, na katika makadirio yangu siku hizi ninaiweka mapema.

Sheria tunazo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu watu kumiliki ardhi kwa pamoja kila mtu na sehemu yake, na sehemu hiyo inaweza kurithiwa. Mwaka 2008 ikaja sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, kila mtu akapata hati ya sehemu yake na maeneo ya pamoja yakawa ya wote. Na mwaka 2013 sheria ya vyama vya ushirika, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo nyinyi mnaijua kwa sababu ya chama hiki. Hizo njia tatu zina bei tofauti. Hati za sehemu zinakupa kitu cha kupeleka benki, ila upimaji na usajili wake unagharimu, na kila mtu anaweza kumuuzia amtakaye. Ushirika unawalinda dhidi ya kuuza kwa mtu msiyemjua na unazuia bei isiruke, ila nyumba si yako peke yako na huwezi kuiweka dhamana kwa mkopo wa biashara. Yule mwenye maduka mawili hatapenda. Amueni hilo kabla ya kutafuta kiwanja. Vikundi vingi vinafanya kinyume: kiwanja kwanza, picha ya pamoja kwenye kiwanja, halafu kundi la WhatsApp, katiba mwaka wa tatu.

Na kabla ya kiwanja andikeni pia kutoka. Mwanachama akihamishiwa Mwanza, au ndoa ikivunjika, au akafilisika, sehemu yake inathaminiwaje, nani ana haki ya kwanza kuinunua, na chama kina miezi mingapi ya kumlipa? Kama kifungu hicho hakipo, kila anayetaka kuondoka anageuka adui, na kila anayebaki anageuka mateka. Tengeni pia mfuko wa ukarabati tangu mwezi wa kwanza, hata elfu kumi kwa kaya. Pampu itaungua, hilo sihitaji kuwa mtabiri.

Kuhusu idadi nitasema kifupi. Wadenmark na walioiga wamekuwa wakijenga baina ya nyumba chache na arobaini hivi. Kwa chama chenu, ambacho wengine humu mnafahamiana tangu kijumbe cha kwanza, ningeanza na 12 au 15. Chini ya nane gharama za pamoja hazigawanyiki vya kutosha. Zaidi ya ishirini mtahitaji meneja wa kulipwa, na meneja anakula akiba ya mlinzi.

Nimeacha kwa katibu nakala za hesabu hii, ukurasa mmoja, zenye nafasi tupu mkono wa kulia. Kila mwanachama ajaze zake: kodi anayolipa sasa, miezi anayolipa kwa mkupuo, nauli ya nyumba nzima, kiasi anachoweza kuweka bila kugusa ada za watoto, na ukubwa wa nyumba anayoweza kuishi ndani yake bila kununa. Hiyo ya mwisho jazeni mke na mume mkiwa mmekaa pamoja. Zikirudi 12 ambazo ukubwa wake uko chini ya mita 80, niiteni tena, nitakuja na mbunifu na hatutawatoza kikao cha kwanza. Zikirudi zote zimeandikwa 100 na kuendelea, mshauriane tu kununua ekari pamoja, mpime, mgawane viwanja, kila mtu ajenge kwake; mtakuwa mmeokoa kwenye ardhi, na hamtakosana.

Mwenyekiti, naona mikono. Tuanze na yule mama mwenye kitenge cha kijani, aliinua tangu nilipotaja LUKU.